Tetere Kola wa Marekani: Kumtambua, Kumwinda na Kumpika

Pita kwenye mji wowote mdogo wa wakulima huko Texas, Oklahoma au Kansas, utamwona juu ya waya wa umeme karibu na maghala ya nafaka: ndege mnene kidogo, rangi ya kijivu iliyofifia, utepe mweusi nyuma ya shingo, na mlio wa sauti tatu anaourudia asubuhi nzima. Mtu aliyekulia Tanzania au Kenya atadhani ni tetere wa kwao, na hatakuwa amekosea sana. Tetere wetu wa kawaida, Streptopelia capicola, ni wa jenasi moja na huyu, na utepe wa shingoni wanao wote wawili. Huyu wa Marekani ni Streptopelia decaocto. Kwenye vitabu vya kanuni za uwindaji anaandikwa Eurasian collared-dove. Hapa nitamwita tetere kola.

Nawaandikia hasa ndugu zetu walioko Marekani, ambao wanamwona kila siku na hawajui kwamba sheria inawaruhusu kumwinda. Niseme mapema: bunduki haitamwondoa ndege huyu katika bara lile. Nyama yake ni nzuri, hana msimu wa kufungwa katika majimbo mengi, lakini kazi yote inasimama au kuanguka kwenye jambo moja, yaani kumjua kwa hakika kabla ya kidole kugusa triga. Wanaoingia matatani na maofisa wa wanyamapori kwa sababu yake, mara nyingi huwa wamempiga ndege mwingine, au wamempiga yeye kisha wakamnyonyoa mapema hadi asiweze kutambulika.

Alivyofika

Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, hadi kufikia Uturuki. Karne ya 20 ilipoanza alikuwa bado hajavuka Balkani. Kuanzia miaka ya 1930 akaanza kusukuma kuelekea kaskazini-magharibi, na mwaka 1955 alikuwa tayari anataga Norfolk, Uingereza, bila kuletwa na mtu. Waswahili walioko Ghuba nao wanamfahamu, maana Muscat na Dubai amejaa kwenye bustani na mitende.

Marekani alifikishwa na mikono ya watu. Katikati ya miaka ya 1970, huko Nassau katika visiwa vya Bahamas, wezi walivunja duka la ndege na baadhi ya tetere wakatoroka. Mwenye duka akawaachilia waliobaki, wapatao 50. Kutoka hapo wakavuka bahari hadi Florida, walikoonekana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa miaka kadhaa watazamaji wa ndege waliwahesabu kuwa tetere wa kufugwa waliotoroka, kwa sababu wanafanana sana. Walipogundua kosa, katikati ya muongo huo, ndege walikuwa wameshatawanyika. Leo wako California, wako Kanada ya magharibi, wako Mexico. Sehemu pekee kubwa ambako bado ni wachache ni majimbo ya kaskazini-mashariki.

Kasi hiyo ina sababu zake. Jike hutaga mayai 2 tu, lakini hurudia mara 3 hadi 6 kwa mwaka, na kusini kwenye joto anaweza kuwa na kiota karibu miezi yote. Huatamia kwa muda wa wiki 2 hivi, makinda huruka baada ya wiki 2 na nusu, na mara nyingi mama huanza kiota kipya kabla wale wa kwanza hawajajitegemea. Makinda hulishwa maziwa ya njiwa yanayotoka kwenye kifuko cha chakula cha wazazi wote wawili, kwa hiyo hawategemei msimu wa wadudu kama ndege wengine wengi. Halafu vijana wanapoondoka hawaendi mti wa pili. Huruka mamia ya kilomita na kuanzisha makazi mbele kabisa ya wenzao. Ndiyo maana ramani ya kuenea kwao inaonekana kama matone yaliyorukaruka, kisha nafasi zikajazwa baadaye.

Kinachowakaribisha ni binadamu. Nafaka iliyomwagika chini ya maghala, mazizi ya kunenepeshea ng'ombe, mashamba ya ng'ombe wa maziwa, vilisho vya ndege nyuma ya nyumba, na miti mikubwa ya kivuli mijini. Msituni hawapo, na kwenye mbuga tupu isiyo na mti wala nyumba hawapo pia.

Kuhusu madhara, tusizidishe. Huwafukuza ndege wengine kwenye vilisho, hilo linaonekana wazi kwa macho. Lakini kwamba amewapunguza tetere wa asili wa Marekani kwa kiwango kikubwa, ushahidi wake si wa upande mmoja. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni magonjwa. Hubeba kimelea Trichomonas gallinae kinachooza koo za njiwa na tetere, na pia virusi vya paramiksovirusi vya njiwa, ambavyo ni aina ya virusi vilevile vinavyoleta kideri cha kuku. Katika majimbo kadhaa tetere kola wamekufa kwa makundi kutokana na virusi hivyo. Anayefuga kuku karibu na kundi kubwa la ndege hawa asiache pumba na maji wazi.

Kumtambua angani na chini

Katika Texas wako tetere watatu wakubwa utakaokutana nao mahali pamoja. Wa kwanza ni mourning dove, Zenaida macroura, mwenyeji, ndiye anayewindwa zaidi, nitamwita mkia-mrefu. Wa pili ni Zenaida asiatica, mwenyeji pia, nitamwita bawa-jeupe. Wa tatu ndiye mgeni wetu.

Anza na mkia, kwa sababu ndio unaoonekana ndege akiwa anaruka. Mkia wa mkia-mrefu umechongoka kama ncha ya mkuki. Mkia wa tetere kola ni mpana na umekatwa mraba, na anapotua huufungua kama kipepeo cha jikoni: utaona upande wa chini nusu ya ndani ni nyeusi na nusu ya nje ni nyeupe. Bawa-jeupe naye ana mkia wa mraba wenye weupe kwenye kona, kwa hiyo kwake tazama bawa. Akiruka, mstari mweupe unakata katikati ya bawa lake na kung'aa hata kwa mbali. Tetere kola hana mstari huo. Ncha za mabawa yake ni za kahawia iliyokolea na sehemu iliyobaki ni ya rangi moja iliyofifia.

Ukubwa husaidia ukishazoea. Tetere kola ana gramu 140 hadi 180, mkia-mrefu kati ya 96 na 170, na wengi wao ni wepesi kuliko kola. Mpigo wa mabawa ni kipimo kizuri zaidi ya uzito: mkia-mrefu hupita kwa kasi, hujipinda na kuyumba, na mabawa yake hutoa mluzi anapoinuka. Tetere kola hupiga mabawa polepole zaidi, huenda moja kwa moja, na mara nyingi hupita juu zaidi.

Utepe wa shingoni usiutegemee ndege akiwa hewani, hauonekani. Tena makinda wapya hawana utepe kabisa. Akiwa ametua, utepe, jicho jekundu na mwili usio na madoa vinatosha. Mkia-mrefu ana madoa meusi kwenye mabawa. Sauti nayo haidanganyi: silabi tatu zenye mkazo wa katikati, na anapotua hutoa mkwaruzo mkali wa puani ambao tetere wenyeji hawana.

Wako ndege ambao hawaruhusiwi kuguswa na wanakaa kwenye waya uleule. Tetere wadogo wa Inca, Columbina inca, wenye manyoya yanayofanana na magamba ya samaki, wamelindwa Texas. Kipanga mdogo wa Marekani, Falco sparverius, hukaa kwenye waya na kwa mbali jioni umbo lake linaweza kukudanganya. Ukiwa na shaka, shusha mtutu. Atapita mwingine.

Sheria

Tetere wenyeji wanalindwa na sheria ya shirikisho ya ndege wahamao ya mwaka 1918, kwa hiyo wana msimu, saa na idadi. Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria hiyo na kuwatoa ndege walioletwa na binadamu kutoka nje. Tetere kola akabaki mikononi mwa majimbo, na kila jimbo lina maneno yake. Usichukue kanuni ya jimbo moja ukaipeleka jingine.

Texas hakuna msimu uliofungwa kwa tetere kola, wala kikomo cha idadi. Leseni ya uwindaji bado ni lazima, na aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye anatakiwa awe amepita mafunzo ya uwindaji. Mwenye ardhi lazima akuruhusu. Kwa tetere wenyeji kikomo ni 15 kwa siku, na msimu wao kanda za kaskazini na kati huanza tarehe 1 Septemba. Idara ya wanyamapori ya Texas inashauri umwache tetere kola na manyoya yake ili atambulike. Mimi nasema ichukue kama amri. Ofisa akifungua boksi lako la barafu akakuta vidari 25 vilivyochunwa, hana namna ya kujua vipi ni vya kola na vipi ni vya mkia-mrefu, na wewe ndiye utakayejieleza. Majimbo mengine, Oklahoma likiwemo, yameandika wazi: kichwa au bawa moja lenye manyoya libaki limeshikamana na mwili, la sivyo ndege anahesabiwa kwenye kikomo chako.

Msimu wa wenyeji ukiwa wazi na unawinda wote pamoja, fuata kanuni za wenyeji kwa kila kitu. Bunduki iwe na kizibo ndani ya magazini, yaani bomba la risasi za akiba, ili isibebe zaidi ya risasi 3 kwa jumla. Usipige kabla ya nusu saa kabla ya jua kuchomoza, wala baada ya kuzama. Usiwinde mahali palipomwagwa nafaka kwa ajili ya kuvuta ndege. Shirikisho linahesabu mahali hapo kuwa na chambo hadi siku 10 zipite baada ya punje zote kuondolewa. Shamba lililovunwa kwa njia ya kawaida ya kilimo halina tatizo. Huwezi kujitetea kwamba punje zilimwagwa na mtu mwingine ikiwa ulipaswa kuziona, kwa hiyo tembea shambani kabla ya kukaa.

Jambo linalowahusu wageni moja kwa moja: sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kazi au matembezi, kumiliki au kushika bunduki na risasi. Mojawapo ya misamaha iliyoandikwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Leseni ikiisha muda, msamaha umeisha nayo. Mwenye kadi ya kijani hayumo kwenye katazo hilo. Asiye na hadhi halali ya ukaaji asiguse kabisa, hata ya kuazima, hata kwa dakika moja ya kupigia picha. Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Kosa hili hufunga watu na kuwafukuza nchini.

Mahali na wakati

Tugange shida yake kubwa: tetere kola anaishi mjini, na mjini hupigi. Miji mingi inakataza kufyatua bunduki ndani ya mipaka yake, na kupiga kutoka barabara ya umma ni kosa. Basi mtafute pale ambapo mji unakutana na shamba. Analala mjini kwenye miti minene, asubuhi anatoka kwenda kula, adhuhuri anapumzika kivulini, jioni anakunywa maji na kurudi. Ukiijua njia hiyo, keti nje ya mji kati ya malalo na chakula.

Mwenye zizi la ng'ombe au shamba la maziwa mara nyingi hukubali, kwa sababu kinyesi cha ndege kwenye chakula cha mifugo ni hasara yake. Nenda mchana, si alfajiri ya siku ya kuwinda. Mweleze idadi ya watu, saa za kuja na kuondoka, na uelekeo utakaopigia. Muulize ng'ombe wako wapi, wafanyakazi wako wapi, na paa lipi ni la bati jepesi. Okota maganda yote ya risasi kabla ya kuondoka. Anayeacha maganda hataitwa tena.

Maji nayo ni mahali pazuri, hasa yenye ukingo mtupu, tambarare, usio na majani marefu. Tetere hupenda kuona pande zote anapokunywa. Dakika 45 za mwisho kabla ya jua kuzama huwa ndizo zenye ndege wengi, lakini mwanga nao unapungua na kutambua kunakuwa kugumu. Nikiona mkia siutofautishi, nafungua bunduki na kutoa risasi.

Kuhusu mwezi, napendelea Desemba hadi Februari. Wenyeji wengi wa kaskazini wameshashuka kusini, tetere kola wamebaki na kukusanyika kwa makundi makubwa penye nafaka, na viota ni vichache kwa hiyo huachi makinda yakifa njaa. Pia ukimwondoa jike mwezi wa pili, mara nyingi umemwondoa kabla hajaanza mayai ya mwaka huo. Ukiwapiga vijana wa Septemba, wengi wao wangekufa majira ya baridi hata bila wewe, na nafasi zao zinajazwa upesi.

Bunduki na risasi

Bunduki ya marisawa ya geji 20 au 12 inafaa. Geji 12 yenye gramu 28 za marisawa, geji 20 yenye gramu 25 hivi. Namba ya marisawa ndiyo watu wanayokosea. Kwa mkia-mrefu mwepesi wa Septemba, namba 7½ au 8 inatosha. Tetere kola wa majira ya baridi ana manyoya mazito na hupita juu. Tumia 7½ akiwa karibu, 6 akiwa mbali kidogo. Punje za namba 7½ zina kipenyo cha milimita 2.4, za namba 6 milimita 2.8. Tofauti ni ndogo machoni, ila punje kubwa hufika na nguvu ya kupenya.

Ukitumia punje za chuma badala ya risasi nyeusi, yaani punje za madini ya risasi (lead), panda ukubwa namba moja au mbili, kwa kuwa chuma ni chepesi na hupoteza kasi mapema: chuma namba 6 kwa kazi ya 7½ ya risasi. California imekataza risasi nyeusi kwa uwindaji wote tangu 1 Julai 2019. Hata pale inaporuhusiwa, nawashauri wanaopikia watoto na wajawazito watumie chuma. Risasi nyeusi ni laini, hupasuka ikigonga mfupa, na vipande vidogo sana hubaki kwenye nyama bila kuonekana. Bunduki za zamani zenye mdomo wa mtutu uliokazwa sana zisipigwe chuma hadi fundi athibitishe. Mtutu unaweza kuvimba.

Kikaza mdomo (choke), yaani mbano wa mwisho wa mtutu unaokusanya punje, kiwe cha kati au kilicho wazi kidogo, kwa umbali wa mita 20 hadi 35. Watu hununua kikaza kikali wakidhani kitawafikisha mbali. Kinachotokea ni kundi la punje kuwa dogo mno kwa umbali wa kawaida: ama unakosa, ama unamsaga ndege asifae kuliwa. Kabla ya siku yenyewe, piga karatasi ya mita moja kwa mita moja kutoka mita 30. Chora umbo la tetere katikati. Ukikuta punje 4 au 5 ndani ya umbo, sawa. Ukikuta moja, badilisha kikaza au risasi.

Miwani ya kinga na vizibo vya masikio vivaliwe na kila mtu, hata aliyekuja kutazama. Punje zinazoanguka kutoka juu hazina nguvu ya kuua, lakini jicho zinaweza kulitoboa.

Kupiga

Kaa chini ya kivuli cha mti au nyuma ya ua, mgongo ukiwa na kitu cheusi. Kofia yenye ukingo ni muhimu kuliko nguo za madoa, kwa sababu uso unaong'aa ndio unaomfukuza ndege. Njiwa bandia 4 hadi 6 waliobanwa kwenye uzio au tawi kavu, na mmoja mwenye mabawa yanayozungushwa na betri aliyewekwa mita 15 mbele, huwavuta vizuri. Wageuze waelekee upepo unakotoka, maana ndege hutua kwa kuukabili upepo.

Usiinuke ndege akiwa bado mbali. Tetere kola ana macho makali, ukisogea tu anageuka na kupotea. Ngoja afike mita 30, kisha kwa tendo moja simama, weka kitako cha bunduki begani, shavu likiwa juu ya mti wa bunduki, anza nyuma ya mkia wake, pita mwilini, pita kichwa, fyatua huku mtutu ukiendelea kusogea. Makosa ni matatu na yanajirudia. La kwanza ni kusimamisha mtutu wakati wa kufyatua. Punje zinapita nyuma yake. La pili ni kuinua shavu ili uone kama ameanguka kabla hujafyatua; punje zinapita juu. La tatu ni kudanganywa na mwendo wake wa polepole: kwa kuwa ni mkubwa na anaonekana hana haraka, mtu hampi nafasi ya mbele ya kutosha.

Piga ndege mwenye anga nyuma yake tu. Aliye usawa wa kifua usimguse hata akiwa peke yake, kwa kuwa mwenzako, mbwa au ng'ombe wako usawa huohuo. Na aliye juu ya waya wa umeme au wa simu usimpige kamwe. Punje hukata nyaya na kuvunja vikombe vya kuhami, na gharama utalipa wewe.

Akianguka, usiondoe macho mahali alipoangukia wala usigeukie wa pili. Chagua alama, jiwe au kichaka, nenda moja kwa moja. Rangi yake inapotea kabisa kwenye mabua makavu, na wengi wa ndege wanaopotea huwa ni kwa sababu mtu alipiga wawili haraka akasahau wa kwanza. Ukimkuta hai, mmalize papo hapo. Kwa Waislamu, taja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, uwe na kisu kikali kiunoni, na ukimkuta bado ana uhai mchinje kama kawaida. Aliyekufa kwa punje kabla hujamfikia, masheikh wameizungumza hukumu yake kwa urefu. Muulize unayemwamini kabla ya msimu, si ukiwa shambani.

Kutoka shambani hadi jikoni

Joto la Texas mwezi Septemba hupita nyuzi 35, na nyama ya tetere huharibika ndani ya saa chache. Usiwarundike ndege wa moto ndani ya mfuko wa plastiki. Wapange kivulini mmoja mmoja, wapoe, kisha wawekwe kwenye boksi la barafu juu ya trei ili maji ya barafu yasiwaloweshe. Wakikaa zaidi ya saa moja au mbili, wapasue chini ya kidari utoe matumbo. Manyoya na bawa vibaki.

Vaa glavu unaposafisha. Kwanza fungua mdomo wa kila ndege utazame kooni. Ukiona uchafu wa njano mgumu kama jibini uliokwama, huyo ana kimelea nilichokitaja. Kimelea hicho hakimpati binadamu, lakini ndege mgonjwa hatuli; mfukie. Ndege uliyemkuta amepinda shingo, anazunguka au hawezi kuruka, usimchukue kabisa, wala usimtupie mbwa au kuku.

Ukifika nyumbani ndipo unyonyoe. Ngozi ya tetere ni nyembamba sana, kwa hiyo usimtie maji ya moto kama kuku; mnyonyoe mkavu, manyoya machache kwa wakati mmoja, ukivuta kufuata yalivyolala. Kama unataka kidari tu, chana manyoya ya kifuani kwa vidole, ingiza vidole gumba viwili chini ya ncha ya mfupa wa kidari, inua kwa nguvu kuelekea kichwani, kidari chote kitatoka. Kata mabawa kwa mkasi. Mapaja ni madogo lakini usiyatupe, mchuzi wake ni mzito. Firigisi ipasue, ioshe, iondoe ngozi ya ndani.

Kisha tafuta matundu ya punje. Kila tundu jeusi lina punje au lina manyoya yaliyoburutwa ndani, na manyoya hayo ndiyo yanayoleta ladha chungu. Yatoe kwa ncha ya kisu au kibanio. Loweka minofu kwenye maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, saa 4 hadi usiku kucha ndani ya friji, damu itoke.

Nyama ni nyekundu iliyokolea na haina mafuta. Wapo wanaoichoma dakika mbili mbili kila upande na kuiacha mbichi kidogo katikati. Ni tamu, lakini ushauri wa afya wa Marekani kwa ndege wote ni nyuzi 74 katikati ya nyama, na kidari kilichochomwa hadi hapo hukauka na kunuka kama ini. Kwa hiyo mimi namtia kwenye nazi. Ndege 6 wanatosha watu watatu. Kaanga vitunguu 2 vikubwa hadi viwe vya kahawia, tia tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa, bizari nyembamba, nyanya 3, kisha ndege wazima na mapaja yao. Mimina tui la pili la nazi hadi wafunikwe, moto mdogo, saa moja na nusu au hadi nyama iachie mfupa. Tui zito liingie mwishoni, na usiache lichemke kwa nguvu, litakatika. Ndimu na pilipili mbichi mezani. Waonye wanaokula kwamba punje moja inaweza kuwa imebaki, na watoto uwachambulie nyama kwanza.

Wanaokwenda kwenye friza wawekwe kwenye mfuko usio na hewa, wakiwa wamekamilika na bawa lao ikiwa jimbo lako linataka hivyo, na aina ya ndege pamoja na tarehe vikiandikwa nje. Bila hewa wanakaa miezi 6 bila kubadilika ladha. Wenyeji na kola usiwachanganye mfuko mmoja.